Tangi la Zimamoto na Sinia la Baba Somoe

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa sababu hapa kwangu Mkomaindo, Masasi, shikamoo haziingii kila siku, na ikibisha hodi moja mimi huwa nimeshaitikia mgeni hajavua hata viatu. Sebuleni nina viti sita. Tangu mke wangu, Mama Agnes, afariki, natumia kimoja. Vile vitano navipangusa vumbi tu, isije siku mkaja wote kwa mpigo mkaniaibisha.

Leo nataka kuzungumza na nyinyi mnaotoka chuoni na kofia nyeupe, mnaoambiwa mnakwenda kusimamia ujenzi. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimesimamia zahanati, madarasa, nyumba za walimu, Masasi hii yote na Newala, na mwisho kabisa nikasimamia kituo cha zimamoto kule Newala juu. Watu wakisikia msimamizi wanadhani bosi. Bosi wapi! Mafundi ni wa mkandarasi, jengo ni la serikali, wewe umewekwa katikati utazame. Wa huku wanakuona mpelelezi, wa kule wanakuona mchelewesha kazi. Mkiwa watu wa kupenda kupendwa, rudini mkasomee kitu kingine, mapema.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Nandonde, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Nilimkuta Lulindi, kwetu, tukijenga madarasa. Siku ya kwanza hakunionyesha mchoro wala futi. Alinishika mkono akanipeleka pembeni ambako mafundi walikuwa wanapakua ugali, akaniambia: "Unaona chakula kile? Kinanukia?" Nikasema kinanukia sana, mzee. Akasema: "Basi kinuse, uondoke. Usile kwa mtu unayemkagua." Nikamuuliza hata maji? Akasema maji kunywa, lakini kikombe kiwe chako.

Sababu alinipa baadaye. Alikuwa na mwenzake, hodari kweli kweli, macho yake yanaona ufa kabla haujatokea. Mkandarasi mmoja akamkaribisha kanga wa kuchoma. Kesho yake jamaa akafika kwenye ukuta umepinda, umepinda hata kipofu angeupapasa akajua, akainamisha kichwa upande akasema, "Mbona uko sawa?" Mzee Nandonde alikuwa akilisimulia hilo huku anainamisha kichwa vile vile, tunacheka mpaka tunakaa chini. Alimalizia kwa kusema, "Kanga ndiye aliyesema, si yeye." Mimi nikaishika sheria hiyo, na nimekula peke yangu maisha yangu yote ya kazi.

Sasa nyinyi mtasema sheria za kizamani. Siku hizi mhandisi anakaa Mtwara anakwambia, "Nitumie picha." Nami nilituma, simu nilijifunza uzeeni, kidole kikubwa kinabonyeza herufi mbili mbili. Lakini wanangu, picha haigongwi nyundo. Tofali ligonge ulisikie: likilia kikavu, jenga, likijibu kama mtu mwenye mafua, lirudishe. Mchanga usugue kiganjani, kiganja kikibaki chekundu huo umejaa udongo, urudishe ulikotoka. Na zege ulilomwaga leo usiliache na jua la kesho, limwagilie maji, hata kama maji hayo mtu angeyanywa. Huko Newala hilo la mwisho ndilo lililonipa tabu kuliko yote.

Maana Newala, kwa asiyejua, iko juu ya uwanda, na maji yako chini bondeni. Ardhi ya juu ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama inakwenda zake. Bomba lipo, lakini linakuja siku linayotaka lenyewe. Ndiyo maana kila mwenye uwezo anachimba tangi uani, analipiga lipu ndani, anaelekeza mvua ya bati humo, na maji hayo ndiyo maisha mpaka masika nyingine. Mafundi wa Newala kwa matangi hayo usiwaguse. Wanayajua tangu kwa babu zao.

Nilipangishiwa chumba kimoja karibu na eneo la kazi. Wakati huo Mama Agnes alikuwa ameshafariki, na Agnes mwenyewe yuko Dar es Salaam na maisha yake, ananipigia Jumapili, "Baba umekula?" Nasema nimekula. Hajawahi kuniuliza nimekula na nani. Kule juu kipupwe kikianza upepo unavuma mpaka milango inaongea, na mimi nikijifunika blanketi naisikiliza redio, nikiizima nasikia saa ya ukutani. Nilikuwa mpweke, jamani. Sioni aibu kusema. Mtu mzima anaweza kuwa mpweke kama mtoto aliyesahauliwa shule, tofauti ni kwamba yeye hakuna anayekuja kumchukua.

Fundi mkuu wa mkandarasi alikuwa Baba Somoe, Mmakonde wa Newala hapo hapo, mrefu, mwenye chale za kizee usoni na mdomo usiolala. Mimi Mmakua wa Lulindi. Alipojua tu, akanitupia kofia yangu juu ya rundo la kokoto mbele ya vibarua wote, akasema, "Kumbe mtani! Nilidhani wametuletea mtu." Na sisi kwa watani, mnajua, hakuna kununa. Nikamwambia Mmakonde asiyekuwa na maji ya kunawa uso asinisumbue asubuhi. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu, ni mtani, mtani, kutwa.

Chakula cha mafundi alikipika bintiye, Somoe, mwanamke mwenye watoto wake, chini ya turubai pale pale kiwanjani. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, siku nyingine ming'oko ya kuchemsha, vile vimizizi vya porini ambavyo Newala wanavimenya kwa meno huku wanazungumza. Kila adhuhuri Baba Somoe alinawa, akakaa kwenye mkeka, akapaza sauti: "Mtani, karibu!" Nami nilikuwa kwenye stoo, nimekalia mfuko wa saruji, na mkate wangu na chai ya chupa. Najibu, "Starehe, mtani." Anasema, "Mmakua anaogopa sumu!" Wanacheka. Halafu wanakula, nasikia vidole vinagonga sinia.

Kwetu huku kukataa chakula cha mtu ni tusi, msijidanganye. Watu wengine kiwanjani waliniona nina maringo, na mmoja alisema labda nimetazama mikono yao nikaona kinyaa. Baba Somoe alikuja stoo siku hiyo, akasimama mlangoni bila kucheka. "Mtani, una neno na sisi?" Nikamweleza kisa cha kanga, na kichwa nikakiinamisha kama Mzee Nandonde. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Sasa utakula lini?" Nikasema, "Siku ya kukabidhi jengo. Jengo likishatoka mikononi mwangu, mimi si msimamizi tena. Siku hiyo nitakula kwako, mtani, mpaka ukoko wa sufuria." Akanipa mkono. Akasema, "Nitakuwekea sinia zima. Ole wako useme umeshiba."

Wanangu, ahadi hiyo ndiyo niliyoishi nayo kule juu. Wengine wanahesabu pensheni, mimi nilikuwa nahesabu sinia. Nilijua nikishuka Masasi nitaingia kwenye nyumba yenye viti sita, na sikuwa nataka kitu kikubwa. Nilitaka nistaafu nikiwa na rafiki mmoja ambaye mkono wake umeingia chombo kimoja na wangu.

Kazi ilikwenda. Niwaambieni kidogo, maana zimamoto si zahanati. Gari lile likijaa maji ni zito kupita kiasi, sakafu ya banda lake usiimwage kama sebule. Ule mchanga mwekundu tuliushindilia, tukaumwagilia, tukaushindilia tena, vibarua wakauliza kama tunajenga au tunacheza ngoma. Na milango! Mchoro ulisema urefu wa mlango, lakini hakuna aliyejua gari lenyewe lina kimo gani na ngazi yake juu. Nikashuka mjini Masasi siku ambayo gari moja la zimamoto lilikuwa linapita kwenda zake, nikawaomba askari wasimame, nikakata mwanzi sawasawa na kimo cha gari na ngazi. Nikapanda na mwanzi ule basi la Newala. Kondakta ananiuliza, "Mzee, huyo wa kwako ana tiketi?" Ukachomoza dirishani njia nzima. Tulipousimamisha mlangoni, ukagota juu. Baba Somoe akautazama, akanitazama, akasema, "Mtani, leo umenipa kazi ya kubomoa." Lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango, ikavunjwa, ikapandishwa. Hakununa. Kubomoa kwa haki fundi hanuni.

Lililotutenganisha ni tangi.

Zimamoto juu ya uwanda bila maji ni banda la kuegeshea gari tu. Kwa hiyo mchoro ulikuwa na tangi kubwa chini ya ardhi, nyuma ya jengo, karibu na uzio: mvua ya bati inaingia humo, bomba likija linaingia humo, na gari linavuta kwa mpira kutoka humo. Juu kuna mfuniko mmoja wa chuma wenye kufuli, wa kuingilia mtu wa kusafisha. Basi. Siku chache nilikuwa Mtwara kwa kikao. Niliporudi nikakuta juu ya tangi kuna kitu kingine: shingo ya matofali imeinuliwa hadi magotini, mviringo, imepigwa lipu nyororo kabisa, upande wa uzio. Na uzio mahali hapo umeachwa upenyo.

Nikamwita. "Baba Somoe, hiki nini?"

"Mdomo."

"Mdomo wa nini?"

"Wa kuchotea, mtani. Tangi lisilo na mdomo ni tangi au kaburi?"

Nikamwambia kwenye mchoro haumo. Akasema aliyechora amekulia penye bomba. "Hapa ukichimba tangi, jirani anachota. Ndivyo tulivyolelewa. Ukimnyima jirani maji Newala, siku ya msiba wako utajizika mwenyewe."

Na kweli ndivyo ilivyo. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mjinga. Alijenga tangi kama alivyojenga matangi yote ya maisha yake, na kwa mikono yake tangi bila mdomo halikuisha. Nikamuuliza, "Na ikifika miezi ya jua kali, kabla ya mvua, moto umewaka, gari limekuja kujaza, likute nini?"

"Watachota kwa kiasi."

"Watu wenye kiu, Baba Somoe? Kwa kiasi?"

Alijua. Lakini akasema neno ambalo mimi sikulitegemea. "Nimeshamwahidi mkwe wangu."

Mkwewe alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa mkewe, anakaa ng'ambo ya uzio, na Baba Somoe alikuwa amejenga uani kwake, maana kwa Wamakonde mwanamume ndiye anayefuata kwa mke. Mkwe kule si mtu wa kumwahidi ukalegea. Hata chakula hamli mnatazamana. Bi Mwanahawa alikuwa ameteka maji bondeni tangu usichana, magoti yakachoka, na Baba Somoe akamwambia, mama, safari zimekwisha, nakujengea mdomo hapa hapa mlangoni. Na bibi akautangazia mtaa mzima.

Msidhani nilikimbilia nyundo. Nilimpigia mhandisi, nikamwomba tujenge kitangi kingine kidogo, kipokee mvua ya bati la nyuma, kiwe cha mtaa. Akasema, "Wazo zuri sana, mzee. Tutaliweka awamu ya pili." Wanangu, awamu ya pili ni nchi ambayo sijawahi kufika, wala sijaonana na mtu aliyetoka huko.

Ikafika siku ya kulijaza tangi ili tuone kama linavuja. Maji yalikuja kwa gari la boza. Mtaa ulisikia sauti ya maji yakiporomoka, nani angekaa ndani? Wanawake wakaja na ndoo na kamba, wakajipanga upande wa uzio taratibu kabisa, Bi Mwanahawa wa kwanza, amevaa kanga mpya kama anakwenda harusini. Nikamwambia Baba Somoe, lazima shingo ivunjwe kabla ndoo ya kwanza haijashuka, maana ikishashuka ya kwanza hakuna atakayeweza kuzuia ya pili.

Alikuwa ameshika nyundo. Akaigeuza akanipa mpini.

"Mimi siwezi. Bomoa wewe, Baba Agnes."

Baba Agnes. Hilo ndilo lililoniuma, kabla ya yote mengine.

Nikaichukua. Mikono yangu ilikuwa imeshazeeka, shingo ile ilikuwa imejengwa na fundi hasa, haikubali. Nilipiga mpaka jasho likaniingia machoni, na watu wote wamesimama wananitazama, mafundi na wanawake. Vipande nikavitupa nje. Tukaunga nondo, tukamwaga zege juu, upenyo wa uzio ukazibwa. Bi Mwanahawa akajitwisha ndoo yake tupu. Akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakufoka, "Haya baba. Kunyweni na gari lenu."

Baba Somoe alikuwa ameinamisha uso mbele ya mkwewe kama mtoto aliyechapwa.

Mtaniuliza kama najuta. Sijuti, na leo ningeipiga tena. Lakini kutojuta hakukuletei mtu wa kuzungumza naye. Tangu siku ile kazi iliendelea vizuri sana, lipu safi, rangi safi, "Baba Agnes, njoo ukague," "Baba Agnes, tumemaliza." Adhuhuri akawa ananawa, anakaa mkekani, anakula. Mwito haukuja tena. Nilikuwa nikikaa stoo na mkate wangu, mlango nimeuacha wazi makusudi, nasubiri angalau anitukane. Mtani asiyekutukana ameshakuzika.

Siku ya kukabidhi ilikuwa na wageni wakubwa, viti vya kukodi, utepe, pilau kwenye masahani ya plastiki. Gari likaingia bandani, ngazi yake ikapita chini ya lenta, watu wakapiga makofi, na mimi nikatafuta macho ya kucheka nayo habari za mwanzi nisiyaone. Baba Somoe hakuja. Nilishika sahani ya pilau bila kuila, nikatembea hadi getini, nikasimama upande wa kwao. Niliendelea kusimama mpaka wakaanza kukusanya viti. Somoe ndiye aliyekuja, kanga mdomoni, anaona haya kwa niaba ya mwingine.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako je?"

"Yuko kwenye mikorosho. Anasema..." Akatazama chini. "Anasema leo hana njaa."

Nikavua kofia yangu nyeupe. Nikampa. "Mpelekee. Mwambie mimi sina kazi nayo tena." Jioni ile nikashuka Masasi.

Kustaafu, wanangu, hakuna anayekufundisha. Asubuhi naamka nikitaka kugonga tofali, tofali hakuna. Nimeugonga ukuta wa nyumba yangu wote, naujua unaolia kikavu na unaolia vibaya. Sokoni watu wananiuliza bei za bati. Nikipika napika kikombe kimoja cha unga, na hata hicho kinabaki. Kuna siku nilijikuta nimesema "Karibu" kwa sauti, mlango umefunguliwa na upepo.

Ikapita masika, kipupwe, likaja jua la kukausha kila kitu. Siku moja simu ikalia, na haikuwa Jumapili. Nikadhani Agnes ana shida.

"Baba, shikamoo. Ni Somoe, wa Newala."

Nikaitikia, nikamwuliza habari za huko, akasema nzuri, kisha akasema si nzuri sana. Watu walikuwa wanafyeka na kuchoma majani chini ya mikorosho, upepo ukageuka, moto ukaingia mtaani. "Jiko la bibi limekwisha lote. Na baraza. Nyumba imepona, baba. Gari limekuja limejaa, likaisha maji, likarudi pale pale kujaza, likaja tena. Lile la pili ndilo lililozima."

"Mtu hakuumia?"

"Hakuumia mtu."

Nilimsikia mtu mwingine nyuma yake anamwambia jambo, na Somoe anacheka kidogo. "Baba anauliza, ile ahadi yako ya kula imeoza au bado?"

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la kwanza. Lilipomaliza kupanda mlima nikaomba kushukia zimamoto. Nikasimama kwenye uzio nikalitazama tangi. Kiraka cha zege nilichomwaga kilikuwa hakijafanana rangi na pengine pote, na hakitafanana. Askari kijana akaja, akaniamkia vizuri, akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu, napita tu. Alinisindikiza kwa adabu mpaka barabarani, mimi niliyeupima mlango wake kwa mwanzi.

Uani kwa Bi Mwanahawa jiko lilikuwa majivu, na nguzo za baraza zimesimama nyeusi. Somoe alinikalisha mkekani. Akaleta sinia: mlima wa ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa nazi na korosho za kutwanga, ming'oko pembeni. Akaninawisha. Maji yaliyotoka kwenye kata yalikuwa machache, na aliyamimina polepole. "Nawa kidogo kidogo, baba," akasema, "haya yamepanda mlima." Hakusema kwa ubaya. Nami nilinawa kidogo kidogo.

Ndipo Baba Somoe akatoka nyuma ya nyumba. Amevaa kofia yangu nyeupe. Akavuta kigoda, akakiweka mbali kidogo na mkeka, akakaa, mikono kifuani.

Nikasema, "Karibu tule."

"Starehe," akasema. "Leo nasimamia mimi. Msimamizi hali."

Nikamtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nikakata tonge nikalichovya, nikala, naye ananitazama mdomo kama anayekagua lipu. Chakula kilikuwa kitamu. Nimekula peke yangu maisha yangu yote, wanangu, stooni, chumbani, sebuleni kwenye viti sita, lakini sijawahi kula peke yangu kama siku ile mbele ya mtu niliyemsubiri. Tonge la pili nikalishika tu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mkono ulikuwa na ugali.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, ya mwanamke mzee, ile ile isiyofoka.

"We Baba Somoe."

Akasimama haraka, uso chini. "Naam, mama."

"Mgeni anakulaje peke yake uani kwangu? Vua hiyo kofia, unawe."

Alisimama pale, hajui aweke wapi mikono. Kisha akaivua, akaitundika kwenye nguzo iliyoungua, akamnyooshea Somoe viganja. Akanawa kidogo kidogo. Akaja akakaa, goti lake likagusa langu, na mkono wake ukaingia sinia.

"Sogea, mtani," akasema. "Kisamvu chote umekivutia kwako."